Kuipaka Rangi I-27

Chukua rangi nyeusi tii kutoka kwenye mkebe, ipake modeli ya nyambizi, na utakachopata ni kidude cha mtoto kuchezea. Hata kama nyambizi yenyewe ilikuwa nyeusi tii. Hili ni kati ya mambo ya kwanza ambayo wajenzi wa modeli hujifunza, na mwanzoni linaudhi. Kitu kikubwa kikitazamwa kutoka mbali, hewa iliyo kati yake na jicho hukipausha. Vilima vya Ngong ni vya kijani ukiwa umesimama juu yake, lakini ukivitazama kutoka gorofani huku Eastlands, asubuhi isiyo na mawingu, ni vya samawati. Sasa modeli iko mezani, shibiri mbili kutoka puani pako, na hakuna hewa ya kutosha ya kuipausha. Lazima uiweke hiyo hewa wewe mwenyewe. Unachanganya nyeupe kidogo kwenye nyeusi mpaka inakuwa rangi ambayo nyambizi halisi haikuwa nayo hata siku moja, na hapo ndipo jicho linakubali. Ili ionekane ya kweli, unaidanganya.

Sina shida na udanganyifu huo. Shida yangu ni swali linalokuja nyuma yake: ukishakubali kwamba rangi ya kweli na rangi inayoonekana ya kweli ni vitu viwili, una deni kwa ipi? Na kuna mengine unayopausha bila kujua? Nauliza kwa sababu nyambizi iliyo mezani kwangu hapa Buruburu Phase 3 ni I-27 ya jeshi la majini la Japani, na wengi wa watu iliyowazamisha katika siku yake ya mwisho walitoka huku kwetu.

Boksi niliketewa na binamu yangu anayefanya kazi Doha. Aliona picha nzuri kwenye kifuniko, anajua napenda vitu vya kuunganisha-unganisha, akalipa. I-27 halisi ilikuwa na urefu wa karibu mita 109. Kwa skeli ya 1 kwa 350 inakuwa sentimita 31, yaani rula ya shule na kidogo zaidi. Kuunganisha plastiki si kazi, ni gundi na subira tu. Kazi ni rangi.

Plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta-mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta, kwa hivyo unaanza kwa kuiosha na sabuni ya vyombo kama sahani iliyoliwa omena. Halafu kuna hali ya hewa. Julai yetu hii ya baridi na manyunyu, rangi ukiipuliza nje inakauka ikiwa na ukungu mweupe, kama madirisha ya mathree ambayo abiria wote wamekataa kufungua. Januari ni vumbi la barabara. Rangi ikiwa nzito inaziba yale matundu madogo yaliyopangwa ubavuni, ambayo maji yalikuwa yanapitia nyambizi ikizama na ikiibuka. Matundu hayo ndiyo uso wa modeli. Ukiyaziba umebaki na ndizi. Na ile tepu ya karatasi ya mafundi, ukiibandika kabla rangi ya chini haijakomaa, inaondoka nayo yote, ngozi kwa ngozi.

Kuhusu rangi yenyewe, wajenzi wa modeli duniani kote hubishana bila kuchoka. Picha za wakati ule hazina rangi. Viwanda vya majini vya Japani, Kure, Sasebo, Maizuru na Yokosuka, kila kimoja kilikuwa na kijivu chake, na kuna watu wanaoweza kukesha wakitofautisha kijivu cha Sasebo na cha Kure. I-27 ilijengwa Sasebo. Je, vitani ilikuwa kijivu kizito au nyeusi? Tumbo lake chini ya maji lilikuwa jekundu au jeusi? Haya ndiyo maswali ambayo mchezo huu unayaita maswali ya usahihi, na ukiyajibu vizuri unapewa heshima.

Nilienda kwa fundi anayepaka matatu, kwenye vibanda vya jua kali si mbali na mtaa, kumuuliza kama rangi ya gari ingefaa. Hakubishana. Alichukua kipande cha fremu ya plastiki kisicho na kazi, akakidondoshea thina. Kikalainika, kikanata kama pipi iliyotoka mdomoni.

"Hii yako haitaki rangi ya gari, kijana wangu," akasema. "Hii itakula rangi ya maji. Na upulize mara nyingi, kidogo kidogo, usiwe na haraka ya kuona imefunika."

Kisha akaigeuza-geuza mkononi, akauliza, "Na hii gari ilifanya nini?"

Nilidhani hajaelewa ni chombo gani. Alikuwa ameelewa vizuri. Mwenye nganya akija kwake, alinieleza, kabla ya kutaja rangi anamhoji: itaitwaje, inaenda ruti gani, inataka kuogopwa au kupendwa, mwenyewe ni mtu wa nini. Rangi inatoka kwa majibu hayo. Mteja anayesema "nipakie nyeusi tu" anarudishwa akafikirie.

Mtu wa Buruburu hahitaji kuhubiriwa kwamba rangi ni maneno. Tumekua tukijua kwamba gari la kwenda mtaani linatambulika kabla ya kusoma namba yake. Wakubwa wetu wanakumbuka mwaka 2004, sheria za waziri John Michuki zilipoleta mstari wa njano kwa kila matatu, na jinsi mtaa ulivyoonekana kama umevalishwa yunifomu. Serikali haipigani na rangi ambayo haisemi kitu. Lakini matatu inapakwa ili ionekane, hata na mtu aliye upande wa pili wa barabara na amebeba mizigo. Nyambizi inapakwa ili isionekane. Rangi yote ya I-27, hicho kijivu cha Sasebo ambacho watu wazima wanakigombania, kilichaguliwa kwa sababu moja: mtu aliye juu ya maji asijue uko hapo mpaka awe amechelewa.

Sasa, ilifanya nini.

Mapema Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Ulikuwa na meli tano za abiria: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga, zikilindwa na manowari kubwa Hawkins na baadaye manowari mbili nyepesi, Paladin na Petard. Ndani ya Khedive Ismail mlikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi kimoja, kikosi cha 301 cha mizinga cha jeshi la Afrika Mashariki, vijana wa huku pamoja na maofisa wao Waingereza, wakipelekwa upande wa vita vya Burma. (Ukishuka na Jogoo Road unapita Soko la Burma, wengi wetu tunakonunua nyama. Jina hilo tunalitamka kila wiki bila kulisikia.) Walikuwemo pia mabaharia wa Uingereza, wauguzi, na wanawake wa majeshi.

Jumamosi tarehe 12 Februari, saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, baadhi ya abiria wakiwa ukumbini kwenye burudani ya muziki, I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa torpedo mbili. Meli ilizama kwa kama dakika mbili. Fikiria dakika mbili. Ni muda wa kutafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Askari waliokuwa sitaha za chini hawakuwa na njia. Waliokufa ni 1,297, wakiwemo wanawake 77. Waliotoka hai ni wanaume 208 na wanawake 6.

Kilichofuata ndicho kinachonizuia kushika brashi. Meli nyingine za abiria zilitawanyika na kukimbia, kama kanuni ilivyotaka. Paladin ikaanza kuokoa waliokuwa wakielea. Nyambizi ilikuwa bado ipo, chini ya maji, chini ya watu wale. Petard ikaenda na kuangusha mabomu yanayolipuka majini, mahali pale pale palipokuwa na watu hai. Baadhi ya walionusurika torpedo waliuawa na manowari iliyokuja kuwalinda. I-27 hatimaye iliibuka. Paladin ikajaribu kuigonga, ikaamriwa igeuke dakika ya mwisho, na bado ubavu wake ukachanwa na pezi la nyambizi. Mizinga ya Petard haikuweza kutoboa chuma chake. Ikabidi torpedo, moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoimaliza.

Kwa hivyo siku ile, kwa muda, I-27 haikufichwa na rangi. Ilifichwa na watu. Kama nahodha wake alikusudia au ilitokea tu, matokeo ni yale yale: watu waliokuwa wakielea ndio waliokuwa kijivu chake.

Nilimweleza fundi haya yote nikiwa nimesimama kwenye vumbi la msasa. Alinyamaza, akarudisha modeli kwenye boksi lake kwa uangalifu zaidi ya alivyoitoa, na hakusema niipake rangi gani.

Binamu yangu, nilipompigia Doha, alikuwa na jibu tayari. "Manze, ni plastiki. Hakuna mtu ameuliwa na hiyo kitu yako." Ni kweli, na si hoja ya kudharau. Mtoto anayechora simba haombi radhi kwa swala. Nganya za mtaa zimebeba sura za wahalifu wa sinema tangu tukiwa wadogo na hatujawa wahalifu kwa kuzipanda. Kuna hata hoja ya upande wa pili: kukaa miezi mitatu na kitu, ukikipiga msasa, ukisoma kila tundu lake, ni namna ya kukiheshimu ukweli wake kuliko mtu anayepita tu. Nisingeijua Khedive Ismail bila boksi lile. Nilisoma historia shuleni kama kila mtu, na Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vya Ulaya, pamoja na aya moja kuhusu Waafrika waliopigana na kurudi wakidai uhuru. Waliorudi. Wasiorudi hawakuwa na aya.

Bado sikubaliani na binamu, na sababu iko kwenye rangi. Ukipaka kitu vizuri unaazima macho ya watu. Mgeni akiingia nyumbani macho yake yataenda kwenye kile ulichokifanyia kazi kuliko vyote, na yatakaa pale ulipoyaelekeza. Huo ni uwezo. Mchezo wa modeli umejiwekea sheria moja tu kuhusu uwezo huo, nayo ni usahihi: kijivu kiwe kile, matundu yawe idadi ile, bendera iwe upande ule. Ni sheria nzuri, na inaweza kuwa maficho mazuri pia. Mtu anaweza kuwa sahihi kwa kila kitu kilicho juu ya chuma na asiseme lolote kuhusu kazi ya chuma hicho, na hakuna atakayemlaumu, kwa sababu hajasema uongo hata mmoja. Hizo ndizo kazi za mikono zinazonitisha zaidi, zisizo na kosa.

Mfano ni kutu. Baada ya rangi kukauka, wajenzi wengi huichakaza modeli: wanapaka michirizi ya kutu chini ya kila tundu, madoa ya chumvi, mikwaruzo, ili chombo kionekane kimekaa baharini. Ni ufundi wa hali ya juu na nakiri unapendeza kuliko yote. Lakini angalia kinachofanya kwa moyo wa mtazamaji. Kutu humfanya aihurumie nyambizi. Inaanza kuonekana kama mzee aliyepitia mengi. Chombo kinapata makovu, na mwenye makovu, kwa desturi zetu, huchukuliwa kuwa ndiye aliyeumizwa. Hakuna rangi ya kuonyesha makovu ambayo chombo kiliwaachia wengine. Chupa ndogo za kutu ya uongo unaweza kuagiza za aina tano au sita. Nilichonacho mimi ni ya chumvi peke yake, na nimeitumia kidogo.

Najua pia kwamba ndani ya I-27 walikuwa watu wapatao mia moja, na wao nao wana mama waliowangojea Japani. Sitaki modeli iwe adhabu. Ningechukia kuipaka damu, kama rafiki mmoja alivyopendekeza. Damu nyekundu kwenye modeli ni njia ya mkato ya mtu anayetaka kuonekana amehuzunika.

Tuje kwenye skeli, maana hapo ndipo usahihi wenyewe ulinipa njia. Kwa 1 kwa 350, mtu wa kimo cha kawaida ana milimita 5. Hafikii punje ya mchele wa pishori. Nilihesabu punje 996 usiku mmoja stima ikiwa imepotea, kwa mwanga wa simu, na zilitosha kwenye vijiko viwili vya kulia. Sijui nilitarajia nini. Labda rundo. Watengenezaji wa modeli wanajua hili na ndiyo maana boksi langu lilikuwa na mizinga, kamba za sitaha, bendera, ndege ndogo ya upelelezi yenye mabawa, na hakuna mtu hata mmoja. Kwa skeli hiyo mtu ni usumbufu. Hakuna uovu hapo, ni hesabu ya kiwanda. Ila hesabu hiyo inafanana mno na ile ya wakuu wa vita waliotazama bahari kwenye ramani.

Na hapo narudi kwa nahodha wa Petard, kwa sababu siwezi kuipaka nyambizi bila kuamua nafikiri nini kumhusu. Mwaka 1967 mwanafalsafa Mwingereza Philippa Foot aliandika kuhusu tramu isiyo na breki: ikiachwa inaua watano, ikigeuzwa inaua mmoja. Mfano huo sasa uko kila mahali, hata kwenye meme. Nahodha alikuwa na tramu yake. Nje ya pale kulikuwa na meli nne zilizojaa watu, na nyambizi iliyobaki hai ingeweza kuzifuata. Chini yake kulikuwa na watu wakipunga mikono wakidhani anakuja kuwachukua. Nikipiga hesabu, naona alichofanya kinaweza kutetewa. Sisemi pia kwamba alifanya hivyo kwa sababu wengi wao walikuwa weusi, maana majini mle mlikuwa na mabaharia wa jeshi lake mwenyewe, na wauguzi wa kizungu.

Kinachonisumbua kiko kwenye mfano wenyewe. Watu wa kwenye tramu hawana rangi, hawana cheo, hakuna aliyewaleta pale. Wapo tu kwenye reli. Askari wa kikosi cha 301 hawakuwa wapo tu kwenye reli. Waliwekwa kwenye meli na dola iliyowatawala, kwenda kupigana na watu ambao hawakuwa na ugomvi nao, na dola hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na mkono kwenye mtambo wa kuangusha mabomu. Swali "je, nahodha alikuwa sahihi?" linaanza saa nane na nusu mchana. Kwa mtu wa huku swali linaanza mapema zaidi, kule Kilindini, na mapema zaidi ya hapo, kijijini, siku kijana alipopimwa kifua. Unaweza kumsamehe nahodha na bado usikubali hesabu imekwisha. Tena masimulizi mengi ya Kiingereza niliyosoma kuhusu siku hiyo huanza na wauguzi, kwa haki, kwa kuwa wanawake wengi wa jeshi hawajawahi kupotea hivyo kwa mpigo mmoja katika majeshi ya Uingereza na makoloni yake. Wale 996 hutajwa kama idadi, kisha hadithi inaendelea na watu wenye majina.

Majina yapo. Yako Ngong Road, kwenye makaburi ya vita, ambako kuna ukumbusho wa wanajeshi wa Afrika Mashariki wasio na kaburi linalojulikana, na waliopotea na Khedive Ismail wamo. Ukitoka Buru ni matatu mbili, moja hadi tao na nyingine ya Ngong Road. Panatunzwa vizuri, nyasi zimekatwa, hakuna kelele. Kijivu cha mawe ya pale, kama unapenda kujua, ni cha joto zaidi kuliko cha Sasebo.

Basi nilivyoamua ni hivi, na si lazima mwingine aamue hivyo. Nyambizi nimeipaka nyeusi iliyopaushwa kwa nyeupe, sehemu moja kwa nane, rangi ya maji, mapigo saba mepesi, katika siku kavu za Septemba. Imetoka safi. Matundu yote yako wazi. Sijaipandisha kwenye vile vijiti viwili vya shaba ambavyo modeli huwekewa ili ielee hewani na kutazamwa kutoka kila upande. Imelala kwenye kisanduku cha mbao, na juu yake, sentimita kadhaa, kuna kipande cha plastiki angavu kilichopakwa kwa ndani bluu nyembamba sana, kama maji. Ukitaka kuiona lazima uinamie kisanduku na uitazame kupitia uso wa bahari. Na juu ya uso huo wa bahari napaka watu.

Hapo tatizo la rangi limeanza upya. Mtu anayeelea anaonekana kichwa tu, na kichwa kwa skeli hii hakifiki milimita moja. Brashi ya nywele tatu ni kubwa mno, natumia ncha ya sindano. Nilianza na hudhurungi moja kwa askari wote, nikampelekea fundi picha kwenye simu. Akanijibu kwa sauti, kelele za kompresa nyuma yake: "Kijana wangu, hao wote ni wa mama mmoja?" Kwa hivyo sasa nina hudhurungi tisa kwenye kisosi, na nyingine za wazungu, na ninazichanganya upya kila jioni kwa kuwa zinakauka.

Wangapi? Hilo ndilo gumu. Waliotoka hai ni 214, na hao najua lazima wawemo. Lakini bahari yenye hao 214 peke yao ni bahari baada ya mabomu, na nyambizi yangu iko chini yao kabla ya mabomu. Inabidi wawe zaidi. Nikipaka 300 nimebuni watu 86, na nikiacha 214 nimewafuta wale ambao ndio sababu ya kisanduku chote. Binamu anasema nipake mpaka nichoke. Fundi, ambaye amewahi kupaka ubavu mzima wa basi kwa usiku mmoja, alikuja Jumapili, akainama, akatazama kwa muda mrefu akiwa amezuia pumzi isiugonge uso wa bahari, akasema nisiweke vanishi bado.